Kusoma na Kuokota: Juu ya Mazoezi ya Ufahamu wa Kiingereza

Kando ya njia za Kariakoo, na katika barabara za katikati ya mji wa Dar es Salaam zielekeazo bandarini, huuzwa vijitabu ambavyo wahakiki wa fasihi hawana desturi ya kuvitazama. Ni vijitabu vya sarufi ya Kiingereza, vya alama za uandishi, na vya vifungu vya ufahamu vilivyokusanywa kutoka mitihani iliyopita, na majibu yake yamepigwa chapa katika kurasa za mwisho. Vingine vina jalada. Vingine ni karatasi zilizorudufiwa na kubanwa pini. Havina jina katika historia ya fasihi, wala havilitafuti. Walakini kijana aweza kumaliza shule ya sekondari bila kusoma riwaya moja mpaka mwisho wake, lakini hawezi kuimaliza bila kupitia vifungu vya namna hii kwa makumi. Hivyo ndivyo vimfundishavyo kusoma ni kitu gani. Basi vinastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote yatawalayo akili za watu, na kwa ukali uleule.

Umbo la zoezi la ufahamu halikuzaliwa hapa. Lilikuja pamoja na mitihani ya Cambridge iliyofanywa na shule za sekondari za Tanganyika wakati wa ukoloni na miaka michache baada yake. Likabaki wakati wa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambamo Tanzania ilijitoa mwaka 1971, kisha likarithiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973. Mihtasari imebadilika mara nyingi tangu hapo. Watu waliomo katika vifungu nao wamebadilika: John amekuwa Juma, na theluji imekuwa mvua ya masika. Umbo lenyewe halikuguswa. Kwanza huja kifungu cha aya tatu au nne juu ya malaria, au ukataji wa miti, au kijana asiyesikia ushauri wa wazee. Chini yake huja maswali, na maswali hufuata mpango wa kifungu, la kwanza likitoka aya ya kwanza na la mwisho aya ya mwisho, kama mtu ahesabuye nguzo za nyumba akianzia mlangoni.

Ubaya wa umbo hili hauonekani kwa Kiingereza, maana msomaji ajuaye Kiingereza huona maana kila mahali hata pasipokuwa na haja nayo. Huonekana vizuri zaidi ikiwa litajaribiwa kwa maneno yasiyo na maana yoyote. Na isomwe sentensi hii: Mkwembwe alimchwebesha mzalingo kando ya kidweve. Kisha yaulizwe maswali kwa desturi ya vijitabu. Nani alimchwebesha mzalingo? Mkwembwe. Mzalingo alichwebeshwa na nani? Na mkwembwe. Alichwebeshewa wapi? Kando ya kidweve. Mtu yeyote aliyelelewa katika Kiswahili atajibu yote matatu bila kusita, hata lile la kutendwa na lile la kutendewa, na atapata alama zote. Hajui mkwembwe ni mnyama au ni mtu. Hajui kama mzalingo alitendewa wema au uovu, wala kama kidweve ni mto au ni chungu. Ameokota tu. Ameliona neno lililo katika swali, amelitafuta katika kifungu, ameyachukua maneno yaliyo karibu nalo, na ameyarudisha kwa mwenyewe.

Hivi ndivyo afanyavyo mwanafunzi wa kidato cha pili mbele ya kifungu cha Kiingereza ambacho nusu ya maneno yake kwake ni mikwembwe na mizalingo. Wala asilaumiwe. Kijitabu chenyewe ndicho kilichomfundisha, maana nyuma ya kitabu jibu ni sentensi ileile iliyokatwa kutoka kifungu. Naye mwalimu aliyechoka, mwenye madaftari mengi ya kusahihisha, huweka alama ya pata. Katika madarasa ya tuisheni ya jioni mbinu hii hufundishwa waziwazi kwa jina la ujanja wa mtihani: anza na maswali, ndipo uende kwenye kifungu. Huo si uzembe. Ni hitimisho halali kabisa litokalo katika umbo la zoezi.

Kwa haki lazima isemwe kwamba kuokota nako ni kazi. Mtu atafutaye saa ya kuondoka kwa meli ya Unguja katika orodha ndefu hahitaji kuielewa orodha nzima, bali kujua jicho liende wapi. Tena msahihishaji wa mtihani wa taifa ana karatasi nyingi mno mbele yake, na jibu lililo katika kifungu halibishaniwi na mtu, ilhali jibu litokalo katika fikira za mwanafunzi huleta ugomvi. Sababu hizi ni za kweli. Lakini ni sababu za urahisi wa kusahihisha, na urahisi wa kusahihisha ulipaswa kubaki mtumishi wa zoezi. Katika vijitabu hivi umekuwa bwana wake.

Sasa na ichukuliwe sentensi nyingine, mara hii ya Kiingereza chepesi, iliyotungwa kwa mfano wa mambo yaonekanayo Kariakoo kila asubuhi: "The porter took the basket off the cart because it was breaking. He tied up the wheel with wire and went on." Mchukuzi, kapu, mkokoteni, gurudumu, waya. Hakuna neno gumu. Kijitabu kingeuliza: kwa nini mchukuzi alilitoa kapu katika mkokoteni? Mwanafunzi angejibu, "Because it was breaking," na angepewa alama zake. Lakini "it" ni kipi? Kapu ndilo lililokuwa likivunjika, au mkokoteni? Swali halikuuliza, jibu halikusema, na hakuna ajuaye kama mwanafunzi amewahi kufikiri kwamba hapo pana jambo la kuamua.

Mwambie mwanafunzi huyohuyo aiandike sentensi hiyo kwa Kiswahili, naye hana njia ya kukwepa. Akiandika "kwa kuwa lilikuwa likivunjika", amesema kapu. Akiandika "kwa kuwa ulikuwa ukivunjika", amesema mkokoteni. Kiswahili hakimruhusu kukaa katikati, kwa sababu ngeli hazina neno moja la kufunika vitu vyote kama lilivyo lile la Kiingereza. Ili achague kwa haki, itambidi asome mbele, akutane na gurudumu, akumbuke kwamba kapu halina gurudumu, kisha arudi nyuma kuisahihisha sentensi ya kwanza kwa nuru ya ile ya pili. Kwenda mbele na kurudi nyuma kwa namna hiyo ndiko kusoma. Herufi mbili tatu za mwanzo wa kitenzi zimeutoa nje ufahamu ambao maswali matano ya Kiingereza yaliuacha umejificha.

Jambo hili lina ajabu yake. Kwa muda mrefu imezoeleka kusemwa kwamba Kiswahili cha mwanafunzi ni kikwazo kinachomzuia kukielewa Kiingereza, na shule nyingi zimeweka amri ya kutosema Kiswahili ndani ya uwanja wake, pamoja na adhabu na vibao vya kuvaliwa shingoni. Lakini hapa Kiswahili ndicho chombo kilicho kikali zaidi. Kinapima kwa usahihi ambao Kiingereza chenyewe, kwa umbile lake, hakina. Kumkataza mtoto asikitumie katika somo la ufahamu ni kama kumkataza fundi seremala asitumie futi yake kwa kuwa mbao zimetoka ng'ambo.

Si kila mahali Kiswahili kinashinda. Katika viwakilishi vya watu mambo hugeuka. "He told her that she had counted wrongly" ni sentensi iliyo wazi kwa Mwingereza: mwanamume anasema, mwanamke ndiye aliyekosea hesabu. "Alimwambia kwamba alihesabu vibaya" haisemi nani ni nani, na anayetafsiri neno kwa neno atapoteza kile ambacho Kiingereza kilimpa bure. Wanafunzi wa pwani na wa bara huchanganya "he" na "she" mpaka kidato cha sita, na walimu huliita kosa hilo uzembe. Kumbe lugha yao ya kwanza, kama ni Kiswahili au lugha nyingine ya Kibantu, haikuwahi kuwadai kitu hicho. Katika duka la nguo la mtaa wa Msimbazi muuzaji na mnunuzi hutambulikana kwa kazi zao na maneno yao, wala haihitaji silabi ya kuonyesha jinsia. Lakini hata hapa kutafsiri hakukosi faida, maana mwanafunzi hodari ataona kwamba sentensi yake ya Kiswahili haitoshi, na atarudisha majina: muuzaji alimwambia yule mama kwamba mama amehesabu vibaya. Aliyefanya hivyo ameonyesha kwamba ameielewa kila "he" na kila "she". Aliyeshindwa ameonyesha vilevile, na mwalimu amejua pa kuanzia kesho.

Alama za uandishi ndizo zilizoonewa zaidi na vijitabu hivi. Katika karibu kila kimoja zimo katika sura moja fupi, nukta ikifuatwa na koma, nukta mkato, nukta mbili, alama ya kuuliza na ya mshangao, kila moja na kanuni yake na mifano miwili. Kanuni ya koma karibu daima ni ileile, kwamba ni mahali pa kupumzika kidogo. Kanuni hiyo yamfaa mtu asomaye kwa sauti mbele ya watu. Mtu asomaye kimya ili aelewe haimsaidii kitu, kwa kuwa pumzi zake hazina habari na maana ya sentensi. Mapokeo ya maandishi ya Kiswahili yalijua tofauti hii zamani. Tenzi za kale, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hazikuwa na koma. Vina na mizani ndivyo vilivyoonyesha mwisho wa kipande, na mara nyingi mwandishi aliweka alama ndogo ya kutenga kipande na kipande. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya pumzi hasa, na ilifaa kwa kazi yake. Koma ya nathari ilikuja na herufi za Kirumi, nayo ni kitu kingine. Ni alama ya hukumu, inayosema maneno haya yanamhusu nani na hayamhusu nani.

Na lifikiriwe tangazo la kubuni lililobandikwa ukutani mwa soko: "The traders who had not paid were sent away." Bila koma, waliofukuzwa ni wale wasiolipa tu, na wenzao waliolipa wamebaki mezani pao. Ziwekwe koma mbili, moja baada ya "traders" na moja baada ya "paid", na maana inageuka: wafanyabiashara wote hawakuwa wamelipa, na wote wamefukuzwa. Tofauti kati ya matangazo haya mawili ni watu waliopoteza riziki kwa vidoa viwili vya wino. Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na wafanyabiashara wake wakatawanyika katika masoko mengine kungojea lijengwe upya. Mtu aliyewaona watu wakisoma majina na masharti yaliyobandikwa ukutani hatasema kwamba mambo ya nani yumo na nani hayumo ni mchezo wa walimu wa sarufi.

Kiswahili nacho kina njia ya kuonyesha tofauti hiyo, ingawa hakitegemei sana koma. "Wafanyabiashara wasiolipa walifukuzwa" huelekea kuwatenga wachache na wengi. "Wafanyabiashara, nao hawakuwa wamelipa, walifukuzwa" huwakumbatia wote. Kati ya hizo mbili limesimama neno "ambao", ambalo waandishi wa siku hizi hulitumia kwa yote mawili, wakati mwingine kwa koma na wakati mwingine bila koma, bila kujali sana. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza atakaye kuifundisha koma hii hawezi kuegemea mazoea ya Kiswahili cha magazeti. Itamlazimu kukifundisha Kiswahili pia. Hilo si hasara. Mwenzake afundishaye Kiswahili katika chumba cha pili ana sura ileile ya alama za uandishi katika kitabu chake, kavu kama ile ya Kiingereza, na wawili hao hawajawahi kuzungumza.

Nje ya nchi mambo haya yamekwisha fikishwa mahakamani. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa na orodha ya kazi zisizolipiwa saa hizo, na mwishoni mwa orodha, kabla ya neno "or", koma haikuwekwa. Kwa sababu hiyo haikuwa wazi kama kusambaza bidhaa ni kazi mojawapo katika orodha, au kama kilichotajwa ni kufungasha tu, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliwapa haki madereva, na mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Hakimu hakuuliza mahali pa kupumzika.

Kuhusu alama ya ritifaa vijitabu vina dhambi ndogo ya kuchekesha. Mtoto wa Kitanzania huikutana alama hiyo kwanza katika "ng'ombe" na "ng'ambo", ambako ni sehemu ya sauti na haiwezi kuondolewa bila kuliharibu neno. Baadaye huambiwa kwamba katika Kiingereza alama hiyohiyo huonyesha herufi zilizodondoka, na pia umiliki, na kwamba ikihama nafasi moja mwenye mali mmoja hugeuka kuwa wengi. Hakuna kijitabu kinachomkumbusha kwamba tayari anaijua kwa kazi nyingine. Matokeo yake yameandikwa kwa rangi juu ya milango ya maduka mjini, ambako ritifaa huning'inia popote mchoraji alipoona pana nafasi. Kumbe dawa ni rahisi: kila ritifaa ya umiliki igeuzwe kuwa "cha mfanyabiashara" au "cha wafanyabiashara", na mwanafunzi atajua mara moja iwekwe wapi.

Elimu ya juu ya nchi hii ilianzia hapohapo mjini. Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilifungua milango yake katika jengo la TANU, mtaa ujulikanao leo kwa jina la Lumumba, mpakani mwa Kariakoo na Mnazi Mmoja, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Hakikuhamia Mlimani mpaka mwaka 1964. Kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi wale walikaa hatua chache kutoka sokoni wakisoma sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, ambamo koma moja huweza kumfunga mtu au kumfungua. Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili tangu zamani, lakini Bunge halikukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote mpaka mwaka 2021. Kwa miaka 60, basi, ufahamu wa Kiingereza ulikuwa kwa raia wa kawaida jambo la kujua haki yake au kutoijua.

Na kama zinatafutwa kazi za ufahamu wa Kiingereza zenye daraja la juu zilizotoka katika mji huu, zipo, na zimeandikwa kwa Kiswahili. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule pale Pugu kabla ya siasa kumchukua, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963. Mwaka 1969 aliitoa tena ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Ifikiriwe maana ya tendo hilo la kurudia. Mtu mwenye dola mikononi, asiye na mtahini wa kumwogopa, alirudi kwenye maandishi aliyokwisha kuyasoma, akaona kwamba palikuwa na mahali ambapo hakuyasoma sawasawa, akayasoma upya. Hakuna kijitabu cha ufahamu kinachomwomba mwanafunzi arudi kwenye kifungu mara ya pili.

Hata jina la tamthilia ile ya pili ni jibu la swali la ufahamu. Katika Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Katika Kiswahili cha Nyerere mabepari ni wengi. Neno "bepari" lilikuja pwani kutoka India, likimaanisha mchuuzi au mfanyabiashara tu, na wazee wa Uhindini mjini Dar es Salaam walilijua kwa maana hiyo. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hakuna aliyelisikia bila kusikia ubepari ndani yake. Yawezekana kubishana na mfasiri. Mtu aweza kusema kwamba wingi huo unamwonea Antonio, ambaye ndiye mfanyabiashara wa jina lile la Kiingereza, kwa kumtia katika kapu moja na Shylock. Mwingine atajibu kwamba ndivyo hasa ilivyo, kwa sababu wote wawili wanaishi kwa mtaji. Ubishi wa namna hii ni matunda ya kusoma, nao umewezekana kwa sababu mfasiri alilazimika kuamua na uamuzi wake umebaki wazi mbele ya wote. Na kiini cha tamthilia yenyewe ni nini, kama si mtihani wa ufahamu? Mkataba unasomwa mahakamani, maneno yake ni machache, na uhai wa mtu unategemea nani ameyasoma kwa makini zaidi. Shylock ameokota neno nyama. Portia amesoma mpaka mahali ambapo damu haikutajwa.

Watu waliokwisha kulitazama tatizo hili kwa upana hawakukosekana. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985. Serikali ikatangaza mwaka 1983 kwamba haitafanya hivyo. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima usomaji wa wanafunzi, wakaona kwamba ni kiasi cha mmoja katika kumi wa kidato cha nne aliyefikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanzia. Kuanzia, si kumalizia. Pamoja na hayo waliishauri serikali iendelee na Kiingereza, na kuanzia mwaka 1987 ukaja mradi wa msaada wa Uingereza uliotia nguvu zake katika vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliyachambua mambo hayo katika kitabu chao cha mwaka 1997, na uchambuzi wao haujapitwa na wakati. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote, lakini shule za sekondari za serikali zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Ubishi huo wa lugha ya kufundishia ni mkubwa na una mahali pake. Unatajwa hapa kwa sababu moja. Maadamu baiolojia, historia na jiografia husomwa kwa Kiingereza, zoezi la ufahamu si kipindi kimoja kati ya vipindi vya wiki. Ndilo mazoea yanayobebwa kwenda katika masomo mengine yote. Mwanafunzi aliyefundishwa kuokota katika kifungu cha malaria ataokota pia katika kitabu cha baiolojia kieleza jinsi mbu aenezavyo malaria yenyewe. Atajibu sawasawa kwamba kimelea kinaingia katika ini, naye hajui kama ini ni mahali au ni ugonjwa.

Itasemwa kwamba kutafsiri darasani ni njia ya kizee iliyokwisha kutupwa, na kwamba iliwazalia watu Kiingereza cha kamusi kisichosemeka. Ni kweli ilitupwa, na kwa jinsi ilivyotumiwa ilistahili kutupwa, maana ilikuwa ni kubadilisha neno kwa neno kama mtu abadilishaye fedha dirishani. Itasemwa pia kwamba walimu wengi wa Dar es Salaam hutafsiri kila siku. Hilo nalo ni kweli, lakini atafsiriye ni mwalimu. Anasoma sentensi, anaieleza kwa Kiswahili kwa sauti ya chini kana kwamba ameiba kitu, darasa linaitikia ndiyo, na kazi yote ya kuamua kati ya kapu na mkokoteni imefanywa na mtu mmoja ambaye hakuwa na haja ya kuifanya. Kinachotakiwa ni kalamu iwe mkononi mwa mwanafunzi. Si kifungu kizima. Sentensi mbili zatosha, zikichaguliwa na mtu ajuaye mahali Kiingereza kinapoficha na Kiswahili kinapofichua.

Wala msahihishaji hataongezewa mzigo. Katika sentensi ya mchukuzi hahitaji kupima ufasaha wa tafsiri nzima, wala kugombana juu ya "aliliondoa" na "alilitoa". Atatazama kiambishi kimoja tu mbele ya kitenzi cha kuvunjika. Akikuta u-, ataendelea na karatasi nyingine. Akikuta li-, amekwisha jua ni katika mstari gani mwanafunzi huyu aliacha kusoma.